Je, Wajua? Korti Ilikuwa Uwanja Kabla ya Kuwa Jengo

Wote, Kitui mjini, Mwingi, Mutomo, Makindu: kila siku ya kazi asubuhi watu hujipanga langoni mwa korti, karatasi mkononi, wakisubiri kesi zao zitajwe. Maneno watakayoyasikia humo ndani ni kizimba, rufaa, faini, kiapo. Wengi wetu tunayajua kwa maumivu yake tu, kwao hatukujui. Safu ya leo inayafuata hadi kwao, na njia nzima inapita Ukambani, ambako maneno ya korti ya serikali na maneno ya wazee yalikutana, yakagombana, kisha yakaanza kutegemeana.

UWANJA, KITI NA BENCHI

Je, wajua kwamba neno "korti" lilianza kama ua wa mkulima? Waswahili walilipata kwa Waingereza, Waingereza kwa Wafaransa, na Wafaransa kwenye Kilatini, ambako "cohors" ilikuwa ua uliozungushiwa uzio. Ua wa mkulima ukawa ua wa bwana mkubwa, kisha ua wa mfalme. Kwa kuwa mfalme ndiye aliyeamua mashauri, ua wake ukageuka mahali pa kuhukumiwa. Ndiyo maana hadi leo Kiingereza kinaita mahakama na uwanja wa tenisi kwa neno lilelile.

Je, wajua kwamba Wakamba nao walianzia uwanjani? Mahali penyewe huitwa thome: uwanja ulio nje ya lango la boma, wanaume wanapoota moto jioni, wanapompokea mgeni na kumfunza kijana adabu. Ugomvi wa mpaka, mbuzi aliyepotea, deni lisilolipwa, vyote vilifikishwa hapo kwanza. Mrumi na Mkamba hawakuwahi kuonana, lakini wote wawili walijua kwamba haki huhitaji uwanja kabla ya kuhitaji paa.

Je, wajua kwamba shauri lililoushinda thome lilikuwa na pa kwenda? Lilipelekwa kwa nzama, yaani baraza la wazee wa utui (kijiji), na likiwa zito liliwaita wazee wa eneo pana zaidi. Hakuna aliyezaliwa mzee wa nzama. Mtu alipanda ngazi kwa umri, kwa mwenendo, na kwa mbuzi na mafahali aliowatoa kwa waliomtangulia.

Je, wajua kwamba ada ya korti haikuletwa na serikali ya kikoloni? Waliopeleka shauri kwa nzama walitoa mifugo, na wazee waliila papo hapo. Anayelalamika leo juu ya ada ya kusajili kesi ana babu aliyelalamika juu ya fahali.

Je, wajua kwamba mzee wa Kikamba alikwenda kuamua kesi akiwa na kiti chake? Kigoda cha miguu mitatu, kilichonakshiwa kwa waya mwembamba wa shaba, ni kazi ya sanaa iliyowapa mafundi wa Ukambani sifa hadi kwenye majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Kiti kwa Kikamba ni kivila, fimbo ni ndata. Ukiviona viwili hivyo, ulijua mwenye kusikizwa yuko wapi.

Je, wajua kwamba Waingereza nao waliipa mamlaka jina la kiti? Majaji kwa pamoja huitwa "benchi" kwa sababu walikaa kwenye benchi. Mawakili wao walipewa jina kutokana na kizuizi cha mbao kilichowatenga na benchi hilo.

Na je, wajua kwamba Mswahili alifanya vivyo hivyo? Baraza ni kile kiti cha mawe mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja, watu wanapokaa kunywa kahawa na kuzungumza. Kutoka hapo tukapata baraza la wazee, baraza la chifu na Baraza la Mawaziri. Kiti kikawa kikao, kikao kikawa serikali.

Je, wajua kwamba "diwani" lilipitia njia hiyohiyo, ila kwa mwendo wa kinyume? Kwa Kiajemi lilikuwa daftari, kisha ofisi na ukumbi wa baraza, na mwishowe Wazungu wakalichukua kuwa jina la kochi walilokalia waliokuwa ukumbini.

Je, wajua kwamba korti kubwa kuliko zote za nyasini zilikuwa Rwanda? Gacaca ni neno lenye asili ya nyasi, kwa sababu wanakijiji walikaa juu ya nyasi kusuluhishana. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, serikali ilizifufua korti hizo kwa umbo jipya, na hadi zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimesikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9.

Je, wajua kwamba "asili" ya Mkamba siyo yako? Kwa Kiswahili asili ni chanzo, neno la Kiarabu. Kwa Kikamba asili ni waamuzi, na mmoja wao ni musili. Maneno haya hayana udugu wowote, lakini ukimsikia mzee wa Mbooni akitaja asili, uliza kwanza anatumia lugha gani.

KUKU, NDEGE NA VIZIMBA VYAO

Je, wajua kwamba mshtakiwa anasimama ndani ya banda la kuku? Kizimba kwa Kiswahili ni tundu la kufugia kuku au mnyama mdogo. Waingereza huita mahali hapo "dock", neno lililotoka kwa Waflandria wa Ubelgiji, na huko lilikuwa banda la kuku na sungura. Lugha mbili zilimtazama mtu mmoja nyuma ya mbao, na zote mbili zikamwona kuku.

Je, wajua kwamba hata jela ni kizimba? Neno hilo tulilipata kwa Waingereza, na ukilifuata hadi Kilatini unakuta "caveola", yaani kitundu kidogo cha kufungia ndege au mnyama. Kwa hiyo anayetoka kizimbani kwenda jela ametolewa tundu moja na kutiwa lingine.

Je, wajua kwamba faini maana yake ni mwisho? Linatokana na Kilatini "finis". Ukilipa, shauri limeisha. Wazee wa nzama wangelielewa bila mkalimani, kwa kuwa mbuzi aliyechinjwa na kuliwa na pande zote mbili alikuwa na kazi hiyohiyo ya kumaliza neno.

Je, wajua kwamba kukata rufaa ni kuinua? Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kupandisha kitu juu. Kesi ya Tawa au Kilungu inapopelekwa Mahakama Kuu ya Makueni, inapandishwa kweli, kwa neno na kwa cheo.

Je, wajua kwamba hukumu na hekima ni ndugu wa baba mmoja? Mahakama, hakimu, hukumu, hekima: yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Ikiwa hukumu imetoka bila hekima, lugha yenyewe imeshtuka.

Je, wajua kwamba jaji siyo wa ukoo huo? Jaji ametoka kwa Waingereza, na nyuma yao kuna Kilatini "iudex", mtu anayetamka sheria. Ndiyo sababu Kenya ina vyeo viwili vyenye majina ya koo mbili: hakimu wa korti ya chini ana jina la Kiarabu, jaji wa Mahakama Kuu ana jina la Kirumi. Kadhi naye amebaki na lake la Kiarabu.

Je, wajua kwamba "alibi", utetezi wa "sikuwapo", ni Kilatini kitupu? Maana yake ni "mahali pengine". Basi.

Je, wajua kwamba majaji wa Uingereza hawagongi nyundo ya mbao? Ile tunayoiona kwenye sinema ni desturi ya Marekani. Uingereza, jaji akitaka kimya, anasema.

Je, wajua kwamba herufi R kwenye mashtaka ya jinai ilinusurika uhuru? Enzi ya ukoloni kesi iliandikwa "R dhidi ya" mtu fulani, R ikiwa Rex, yaani mfalme, au Regina, malkia. Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, na kwa kuwa jamhuri kwa Kiingereza nayo huanza kwa R, karani hakuhitaji kubadilisha herufi. Mfalme aliondoka, herufi yake ikapata mwajiri mpya.

Je, wajua kwamba hata jina la Kenya, mlalamishi huyo mkuu, lina safari ya Kitui? Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, alipokuwa mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi. Jina la mlima alilipokea kwa matamshi ya Wakamba. Mlima ukaipa nchi jina, na nchi ndiyo inayoshtaki.

KIAPO KINACHOLIWA

Je, wajua kwamba Waswahili hawaapi tu, wanakula kiapo? Ukambani ndivyo ilivyo pia: kithitu, kiapo kikuu cha Wakamba, kinaliwa. Tena kinaweza kukugeukia na kukula wewe.

Je, wajua kithitu ni nini hasa? Ni kifaa pamoja na kiapo chenyewe, kwa jina moja. Kifaa hicho kilitengenezwa na wajuzi kwa vitu vilivyoogopwa na kufungwa pamoja, na hakikuwekwa ndani ya nyumba ya kulala watu. Anayeapa alikipiga kwa kijiti huku akitamka kwamba akiwa amesema uongo basi kithitu kimmalize. Hakikuletwa kwa ugomvi wa kila siku. Kililetwa pale ushahidi ulipokwisha, mashahidi wakapingana, na wazee wakakosa njia.

Je, wajua nani aliyekiogopa zaidi? Ndugu za anayeapa. Kithitu kiliaminiwa kuwa hakimchagui mwongo peke yake, kinaingia kwenye familia na ukoo wake. Hapo ndipo penye nguvu ya chombo hiki. Korti ya kisasa inamwekea shahidi Biblia au Kurani mkononi na kumwachia dhamiri yake. Kithitu kilimwachia shangazi, kaka na binamu, kila mmoja akimbana kwa maswali usiku kucha kabla ya siku ya kuapa: una hakika ng'ombe ni wako? Kesi nyingi zilikuwa na nafasi nzuri ya kuisha usiku kama huo.

Je, wajua kwamba hukumu ya kithitu haikutolewa siku ile? Watu walisubiri miezi, hata miaka. Kifo au balaa likiipata nyumba ya aliyeapa, jibu limepatikana. Kisipotokea kitu, ameshinda. Kwa jicho la leo kasoro ni wazi: malaria au ukame ungeweza kumtia hatiani msema kweli. Hata hivyo faida yake nayo ni wazi: kesi iliyokwama ilipata mwisho ambao pande zote mbili ziliukubali tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba maafisa wa kikoloni na watafiti walikiandika kithitu kwa makini? Charles Hobley aliandika juu ya Wakamba mwaka 1910. Charles Dundas, aliyekuwa afisa Kitui na baadaye gavana wa Uganda, alichunguza sheria za Wakamba na majirani zao. Gerhard Lindblom kutoka Uswidi alitoa kitabu kinene mwaka 1920. D. J. Penwill akakusanya sheria za kimila za Wakamba kwenye kitabu cha 1951. Waliokuja kufundisha sheria walijikuta wanafunzi.

Je, wajua kwamba nzama ilikuwa na mkono mzito pia? King'ole ni jina la hukumu ya kifo iliyotekelezwa na umma dhidi ya mwizi sugu au aliyesadikiwa kuwa mchawi. Haikuwa ghasia za njiani, kwa mujibu wa desturi yenyewe: wazee walipaswa kukubaliana, na ndugu wa karibu wa mhukumiwa walipaswa kuridhia. Ridhaa hiyo ndiyo iliyozuia kisasi.

Je, wajua kwamba king'ole iliwahi kusimamishwa kizimbani, watu 70 kwa mpigo? Ndiyo kesi ya Rex dhidi ya Kumwaka na wenzake 69, ya mwaka 1932. Wanaume wa Ukambani walishtakiwa kwa kumuua mwanamke waliyesema ni mchawi. Wao walisimulia walichofanya wakiamini wametimiza sheria, korti ikaita mauaji. Watu 60 walihukumiwa kunyongwa, habari ikafika magazeti ya ng'ambo, na mwishowe hukumu za kifo zikabadilishwa kuwa vifungo. Mwanamke yule hakuwa na wakili, hakuwa na rufaa, na hakufufuka. Ukumbuke jambo hilo kila unaposikia sifa za haki ya zamani zikipigiwa ngoma bila kipimo.

KUTOKA BOMBAY HADI WOTE

Je, wajua kwamba Mkamba aliwahi kuhukumiwa kwa sheria za India? Waingereza walipoweka mfumo wao wa sheria mwaka 1897 walizileta sheria walizokwisha kuziandika kwa ajili ya India, zikiwemo ile ya makosa ya jinai ya 1860 na ya ushahidi ya 1872. Kenya ilipata sheria yake ya makosa ya jinai mwaka 1930.

Je, wajua kwamba rufaa nayo ilivuka bahari? Hadi 1902, ilipoundwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, rufaa kutoka pwani hii zilisikilizwa Bombay. Hata baadaye mtu wa Kibwezi alilalamika kupanda matatu hadi Machakos. Naam, na sasa hata hiyo haihitajiki sana, maana Kitui na Makueni zote zina Mahakama Kuu.

Je, wajua korti za mahakimu ziko wapi katika kaunti hizi? Makueni, miongoni mwake ni Wote, Makindu, Kilungu na Tawa. Kitui, miongoni mwake ni Kitui mjini, Mwingi, Mutomo na Kyuso. Kitui ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 30,000, kwa hiyo "karibu na korti" ni maneno ya kupima kwa saa.

Je, wajua kwamba kwa miongo kadhaa Kenya ilikuwa na milango miwili ya haki? Mmoja ulikuwa wa wazungu, mwingine wa Waafrika: mabaraza ya kienyeji chini ya sheria ya 1930, kisha korti za Waafrika chini ya sheria ya 1951. Milango hiyo iliunganishwa mwaka 1967. Mwaka huohuo sheria ya mahakama ikasema majaji waongozwe na mila za Waafrika katika kesi za madai, mradi mila hizo zisiwe kinyume cha haki na maadili wala sheria zilizoandikwa.

Je, wajua kwamba wazee waliwahi kukaa kando ya jaji wa Mahakama Kuu? Kenya ya kikoloni haikumpa Mwafrika haki waliyokuwa nayo wazungu, ya baraza la raia la kuamua hatia. Ilimpa wazee washauri, ambao Tanzania inawaita wazee wa baraza. Walisikiliza kesi ya mauaji na kutoa maoni, lakini jaji hakufungwa nayo. Kenya iliwaondoa mwaka 2007.

Je, wajua kwamba mwaka 1917 Jaji Mkuu Robert Hamilton alisema ndoa ya kimila si ndoa? Katika kesi ya Amkeyo aliona kwamba kilichofanyika ni kumnunua mwanamke. Ingia leo katika kesi ya urithi Makueni usikie jaji akiuliza: ntheo ilitolewa? Ntheo ni mbuzi wa kwanza wa uchumba anaowapeleka mwanamume wa Kikamba, na bila mbuzi hao, wazee hawatambui mke. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazisajili ndoa za kimila na kuzipa heshima sawa na nyingine.

Je, wajua kwamba neno "iweto" nalo huibuka katika kesi za urithi? Ni desturi ya Wakamba ambapo mwanamke, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, humwoa mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate watoto. Mali ikigawanywa, jaji hulazimika kuisoma desturi hiyo kama anavyosoma sheria ya Bunge.

Je, wajua kwamba Katiba ya 2010 imewaita wazee warudi? Kifungu cha 159 kinaitaka mahakama iendeleze njia za usuluhishi, zikiwemo za kimila. Kisha kinaweka mipaka mitatu: zisivunje haki za binadamu, zisiwe kinyume cha haki na maadili, zisipingane na Katiba wala sheria. Thome umefunguliwa. King'ole imebaki nje ya lango.

WANA WA KITUI KWENYE KITI CHA JUU

Je, wajua kwamba Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya alitoka Kitui? Maluki Kitili Mwendwa, mwana wa chifu Mwendwa Kitavi, alishika wadhifa huo mwaka 1968. Alijiuzulu mwaka 1971 jina lake lilipohusishwa na njama ya mapinduzi, na baadaye akaingia Bunge.

Je, wajua kwamba nyumba hiyo haikutoa jaji peke yake? Kaka yake, Eliud Ngala Mwendwa, alikuwa waziri wa kwanza wa Leba wa Kenya huru. Mke wa Kitili, Nyiva Mwendwa, akawa mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Kenya, mwaka 1995.

Je, wajua kwamba miaka 40 baada ya Kitili kujiuzulu, kiti kilirudi Kitui? Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui mwaka 1947 na mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa Jaji Mkuu kuanzia 2011 hadi 2016, na rais wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Alihojiwa hadharani kabla ya kupewa kazi, hata kipini chake cha sikio kikaulizwa. Mwaka 2016 aliunda jopo la kutafuta njia za haki nje ya korti, na sera iliyotokana nalo ikazinduliwa mwaka 2020.

Je, wajua kwamba chini ya Mutunga majaji walivua nywele za farasi? Zile kofia za nywele zilikuwa mtindo wa Ufaransa ulioingia Uingereza katika karne ya 17, enzi ya Mfalme Charles II. Mtindo ulikufa mitaani, ukabaki kortini, ukasafiri hadi kwenye joto la ikweta.

Je, wajua kwamba kesi ya urais ya 2013 ilijaa watu wa Ukambani? Jaji Mkuu alikuwa Mutunga wa Kitui. Mgombea mwenza wa Raila Odinga alikuwa Kalonzo Musyoka wa Mwingi, naye ni wakili. Kethi Kilonzo, bintiye Seneta Mutula Kilonzo wa Makueni, aliliwakilisha shirika la AfriCOG. Uamuzi wa tarehe 30 Machi ulitupilia mbali maombi hayo.

Je, wajua kwamba magavana wawili wa kwanza wa Makueni wote ni wanasheria? Kivutha Kibwana aliwahi kuongoza kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mutula Kilonzo Junior, aliyemrithi mwaka 2022, ni wakili mwana wa wakili.

SHERIA NA MAJI

Je, wajua kwamba "sheria" ilianza kama njia ya kwenda kunywa maji? Ndiyo maana ya kale ya neno hilo la Kiarabu, kabla halijawa la dini na la Bunge. Watu wa Kitui, wanaochimba mchanga wa mto uliokauka kutafuta maji, wanaielewa maana hiyo pasipo kamusi.

Je, wajua kwamba Makueni ililirudisha neno kwenye chanzo chake? Mchanga wa mito ya msimu huhifadhi maji chini yake. Malori yakiuzoa kupelekwa kwenye ujenzi mijini, visima hukauka. Mwaka 2015 kaunti ikatunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Hiyo ni sheria iliyolinda njia ya kwenda majini.

LUGHA YAKO KORTINI

Je, wajua lugha rasmi ya korti unayoshtakiwa? Katika korti za mahakimu Kenya ni Kiingereza au Kiswahili. Katika Mahakama Kuu ni Kiingereza.

Je, wajua kwamba Tanzania imechukua njia nyingine? Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zake.

Je, wajua kwamba Kikamba kina haki ya kuingia kizimbani nawe? Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Kwa hiyo ukisomewa mashtaka Mutomo au Makindu na hukuyaelewa, usitikise kichwa kwa woga. Sema mara moja, kabla ya kujibu kosa, kwamba unataka Kikamba. Hakimu ataandika ombi lako kwenye rekodi, mkalimani ataitwa, na hutalipa hata shilingi.